Kilichoyafunga Kasi Malori ya Jeshi

Mbele ya dereva wa M35, lori la tani mbili na nusu lililobeba mizigo ya jeshi la Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kuna kibao cha chuma kilichofungwa kwenye dashibodi. Kibao hicho kinamwonyesha mpangilio wa gia, na kwa kila gia kinamtajia mwendo asiopaswa kuupita. Kwa toleo la dizeli, M35A2, mwendo wa gia ya juu kabisa ni maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90. Wapenzi wa magari ya zamani wakikutana na tarakimu hii huisoma kama kipimo cha uwezo wa injini: lori lina lita karibu nane, kwa nini lishindwe kufika kilomita 110? Wengine huenda mbali zaidi na kudai kwamba kikomo ni woga wa makarani, kwamba injini "inajibana" tu na ukifungua skrubu mbili tatu itaonyesha ilichoficha. Ukiifuatilia historia ya malori ya jeshi, kuanzia yale ya petroli ya Vita Kuu ya Pili hadi yale ya dizeli ya miaka ya 1990, utakuta jambo jingine. Kasi salama ya lori haikuamuliwa na kiungo chake chenye nguvu kuliko vyote. Iliamuliwa na kiungo dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi kiungo hicho hakikuwa injini. Kikomo kiliheshimiwa bila taabu pale wabunifu walipokijenga ndani ya lori tangu mwanzo. Pale walipoahidi kasi kubwa huku viungo vingine vikiachwa nyuma, jeshi lililazimika kuja kuinyang'anya kasi hiyo kwa amri, na kwa kawaida lilifanya hivyo baada ya watu kufa.

Tuanze na mpira, maana ndio uliokuwa wa kwanza kufunga mwendo. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa chini ya Waholanzi, na Marekani ikapoteza karibu asilimia 90 ya mpira wake wa asili kwa miezi michache tu. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikawaamuru raia wake waendeshe kwa mwendo usiozidi maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Shabaha haikuwa kupunguza ajali. Tairi linalokimbia hupata joto, na linalopata joto huisha upesi. Uhaba huo uligusa hata Tanganyika, ambako mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi za Wajerumani yalianza kugemwa upya kwa ajili ya vita. Kwa hiyo lori la GMC aina ya CCKW, lililotengenezwa kwa idadi iliyopita nusu milioni, lilifanya kazi yake katika ulimwengu ambamo tairi lilikuwa na thamani kuliko muda wa dereva. Injini yake ya petroli ilifungiwa gavana kwenye kabureta ili isizidi mizunguko 2,750 kwa dakika.

Mtihani wa kikomo hicho ulikuja Agosti 1944, majeshi ya Washirika yalipovuka Ufaransa kwa kasi kuliko treni za mizigo zilivyoweza kuyafuata. Tarehe 25 ya mwezi huo ukaanzishwa msafara wa malori uliojulikana kama Red Ball Express, ukitumia barabara zilizotengwa kwa ajili yake peke yake, mwendo wa kwenda tofauti na wa kurudi. Takribani robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, watu ambao jeshi la ubaguzi lilikuwa limewaweka kwenye kazi za kubeba na kupakua kwa sababu halikuwaamini na bunduki. Kanuni zilikuwa wazi: mwendo usizidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40, na kati ya lori na lori iwepo nafasi ya mita 55 hivi. Kanuni hizo hazikufika mbali. Mbele kulikuwa na vifaru vilivyokaukiwa mafuta, na dereva aliyekaa kwenye usukani usiku kucha hakuona sababu ya kujikokota. Wengi waling'oa gavana kwenye kabureta, wengine wakajifunza kuirudisha mahali pake kabla ya ukaguzi, na misafara ikakimbia karibu mara mbili ya mwendo ulioandikwa.

Hapo ndipo unapochimbuka ubishi wa kwanza dhidi ya vikomo, na unastahili kujibiwa kwa heshima. Mtu atasema: walivunja kanuni, na je, walishinda vita au walishindwa? Msafara ulifikisha zaidi ya tani 400,000 kabla ya kufungwa Novemba 16. Ni kweli. Lakini angalia ni nani aliyelipa. Malori yalipakiwa hadi mara mbili ya mzigo wake wa kawaida, kwa ruhusa ya wakubwa, kisha yakakimbizwa. Matairi yaliteketea kwa maelfu, na adui mkubwa wa matairi hayo hakuwa bomu la Mjerumani bali makopo matupu ya chakula ambayo askari waliyatupa kando ya barabara, yakawa yanachana mpira uliokwisha kulegea kwa joto. Injini zilikufa kwa kukosa oili, springi zilikatika, madereva walisinzia na kuingia mitaroni. Jeshi lilikubali hasara hiyo kwa hesabu: lilikuwa na malori mengine bandarini, na siku moja iliyookolewa mstari wa mbele ilikuwa na bei kubwa kuliko lori. Hesabu ya namna hiyo ni halali vitani. Haithibitishi kwamba kikomo kilikuwa cha uongo. Inathibitisha kwamba kilikuwa na bei, na kwamba kwa wiki kumi na mbili kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuilipa. Mwenye lori moja la zamani uani kwake, asiyekuwa na lingine bandarini, hawezi kuazima hoja ya madereva wale.

Somo walilolichukua wabunifu baada ya 1945 halikuwa kwamba malori yakimbie zaidi. Walichoona ni kwamba yavute zaidi, yapite kwenye tope, na yasichague mafuta. M35 iliyobuniwa na kiwanda cha REO ilianza na injini ya petroli, lakini kufikia miaka ya 1960 jeshi lilitaka injini inayoweza kunywa karibu chochote kitakachopatikana: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na hata petroli wakati wa dhiki. Sababu ilikuwa ya kivita kabisa. Nchi za NATO ziliogopa vita vya Ulaya ambavyo ndani yake maghala yangelipuliwa siku ya kwanza, na lori lililosimama kwa kukosa aina moja ya mafuta lilikuwa hasara isiyovumilika. Jibu lilitoka Ujerumani, katika kampuni ya MAN, ambako mhandisi Siegfried Meurer alikuwa amebuni njia ya kuchoma mafuta ambayo ilikwenda kinyume na mazoea. Katika dizeli ya kawaida nozeli hupuliza mafuta hewani yawe ukungu, nayo huwaka kwa mshindo. Meurer aliyapulizia sehemu kubwa ukutani, kwenye bakuli la mviringo lililochongwa juu ya pistoni, yakatandazika kama utando na kuwaka kidogo kidogo jinsi yalivyokuwa yanavukizwa na joto. Mlio ukawa mpole, na petroli, ambayo kwa kawaida huivunjavunja dizeli kwa kuwaka ovyo, ikaweza kuchomwa.

Kampuni ya Continental ilichukua njia hiyo, na baada ya jaribio la injini ya inchi za ujazo 427, ikaja ile iliyodumu: silinda sita, inchi za ujazo 478 au lita 7.8, mgandamizo wa 22 kwa 1. Pampu yake ilikuwa na kifaa cha kupima uzito wa mafuta na kuongeza kiasi pale mafuta yanapokuwa mepesi, kwa sababu lita moja ya petroli hubeba nishati ndogo kuliko lita ya dizeli. Ni ufundi wa kuvutia, lakini haukuja bure. Petroli haina ulaini wa kutosha kulainisha pampu, ndiyo maana waliolazimika kuitumia walitakiwa kuichanganya na oili. Na kwa ukubwa wake wote injini ile ilitoa nguvu za farasi zipatazo 130 hadi 140, kiasi ambacho leo lori dogo lenye lita nne hukitoa bila kuhema. Toleo la baadaye lilifungiwa turbo, na kazi kubwa ya turbo ile ilikuwa kusafisha moshi mweusi uliowaonyesha adui msafara ulipo. Anayedhani turbo ni dalili ya mwendo amekosea gari.

Sasa tuirudie ile maili 56 na kuona inatoka wapi, maana hapa hesabu inasema waziwazi kuliko maneno. Injini imefungwa kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika. Gia ya tano ni ile inayozidisha, kiasi kwamba krenki ikizunguka mara 8 shafti itokayo kwenye gia boksi huzunguka karibu mara 10. Difu nayo inagawanya kwa 6.72. Gurudumu linabakiwa na mizunguko 484 hivi kwa dakika. Tairi la kipimo cha 9.00-20 lina kimo cha mita moja na kidogo, na likishabonyea chini ya mzigo husogeza lori kama mita 3.1 kila linapozunguka. Zidisha, utapata mita 1,500 kwa dakika, ambazo ni kilomita 90 kwa saa. Hakuna uchawi na hakuna karani. Msomaji makini atanirukia hapa: basi ni injini iliyofunga mwendo, na hoja yangu imeanguka. Haijaanguka, kwa sababu ile 6.72 ya difu haikushuka kutoka mbinguni. Mbunifu aliyetaka lori la barabara kuu angechagua namba ndogo zaidi na kupata kilomita 110 kwa mizunguko ileile. Aliyechagua 6.72 alitaka tani mbili na nusu zitoke kwenye mfereji wa matope bila kuvunja klachi. Mwendo ulikuwa kile kilichobaki baada ya tope kuchukua haki yake.

Kwa nini 2,600 na si 3,200? Hili ndilo swali ambalo wenye malori haya wanalibishania zaidi, na jibu lake limo kwenye konrodi. Pistoni ya injini hiyo husafiri milimita 124 kwenda na 124 kurudi. Kwa mizunguko 2,600 wastani wa mwendo wake ni mita 10.7 kwa sekunde. Linganisha na injini nyingine kabisa, Cummins NHC-250 ya lita 14 iliyowekwa kwenye malori ya tani 5, yenye pistoni zinazosafiri milimita 152 na kikomo cha mizunguko 2,100. Fanya hesabu ileile, unapata tena mita 10.7 kwa sekunde. Makampuni mawili, injini moja karibu mara mbili ya nyingine kwa ukubwa, vikomo viwili vinavyoonekana kutofautiana sana, na bado chuma kinasafiri kwa mwendo mmoja. Anayedai kwamba 2,600 ni namba iliyobuniwa ofisini anapaswa kueleza ulinganifu huo. Wahandisi wa dizeli nzito za enzi ile walijua kwamba ukipita hapo pistoni, ringi na bolti za konrodi zinaanza kufanya kazi ambayo hazikuumbiwa. Na kazi hiyo haiongezeki kwa hatua sawa na mizunguko. Inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 2,600 kwenda 3,000 ni nyongeza ya asilimia 15 tu kwenye saa ya mizunguko, lakini nguvu inayoivuta konrodi pale pistoni inapogeuza juu huongezeka kwa theluthi moja. Kufika 3,200 imeongezeka kwa nusu. Pistoni za dizeli ni nzito, kwa sababu zinabeba mgandamizo mkubwa, na uzito huo wote lazima usimamishwe na kugeuzwa maelfu ya mara kwa dakika. Bolti ikikatika, konrodi hutoboa ubavu wa bloku na kutokea nje. Mafundi wanaozifahamu injini hizi za jeshi wanaujua mwisho huo vizuri, na haurekebishiki.

Gavana iliyolinda konrodi hizo ilikaa ndani ya pampu ya nozeli: vizito viwili vya chuma vinavyozunguka na shafti ya pampu. Mizunguko ikipanda vizito vinatanuka, vinasukuma fimbo ya mafuta, na mafuta yanapungua hata kama mguu wa dereva umezama hadi sakafuni. Skrubu zake hufungwa kwa waya na muhuri wa risasi, kwa sababu inayoeleweka. Lakini gavana hii ina upofu mmoja ambao historia ya ajali za malori haiwezi kuelezwa bila kuutaja. Inatawala mafuta, haitawali magurudumu. Lori lenye mzigo likishuka mlima katika gia ya chini, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Vizito vinatanuka, mafuta yanakatwa kabisa, na mizunguko inaendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Injini nyingi za M35 hazikufa kwa kukanyagiwa mafuta kwenye tambarare, ambako gavana ingezilinda. Zilikufa kwenye mteremko, au pale dereva aliposhuka gia kabla ya wakati. Ndiyo maana kibao cha dashibodi kinataja mwendo wa kila gia na si wa gia ya juu peke yake: kilikuwa kinajaribu kuziba kwa maandishi tundu ambalo chuma hakikuweza kuliziba. Anayeujua mlima Kitonga wa Tanzania au mteremko wa Salgaa wa Kenya anaujua upande wa pili wa tatizo hilihili, yaani dereva anayeikwepa injini kwa kuweka frii ili aokoe dizeli, akaziachia breki peke yake kazi ya mlima mzima.

Na breki za M35 hazikuwa za kuachiwa mlima. Zilikuwa za ngoma, zikiendeshwa na mafuta ya breki yaliyosaidiwa na upepo, na mafuta hayo yalipita kwenye mfumo mmoja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka kwenye ekseli ya nyuma, pedeli inazama na magurudumu yote kumi yanakosa breki kwa pamoja. Hapa pana ubishi wa pili, ulio mzito kuliko wa kwanza. Mtu anasema: sawa, nisiiguse gavana, nitafunga matairi makubwa zaidi, ya 11.00-20. Injini itabaki kwenye 2,600 yake na lori litakwenda kasi zaidi bila kuidhulumu konrodi. Kwa upande wa injini, mtu huyu ana haki kabisa. Hesabu ya aya zilizopita inamuunga mkono, ingawa mlimani atajikuta akitafuta gia ya chini mapema zaidi. Lakini angalia alichokifanya. Ameondoa kikomo kwenye kiungo kimoja na kukikabidhi kwa kingine ambacho hakikuulizwa. Tairi refu linaipa barabara mkono mrefu zaidi wa kulizungusha gurudumu, huku ngoma ikibaki na ukubwa uleule, kwa hiyo breki zinashika kidogo. Kimo cha lori kimepanda, nalo lilikuwa tayari refu na jembamba. Na nguvu inayotakiwa kuzimwa, kama ile ya konrodi, huongezeka kwa mraba: lori linalokwenda kilomita 90 lina karibu mara mbili ya ile ya lori linalokwenda 64. Alichokipata ni mwendo ambao injini inauweza na lori haliuwezi.

Kosa hilo lisingekuwa la kuandikia makala kama lingefanywa na wapenzi wa magari ya zamani peke yao. Lilifanywa na jeshi lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalianza kutoka malori mapya ya tani 5, mfululizo wa M939, aina ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki waliiona katika picha za Mogadishu za mwaka 1993. Yalibeba ile Cummins ya lita 14, gia boksi ya otomatiki, na breki kamili za upepo zenye nguvu kuliko za vizazi vilivyotangulia. Mwendo wa juu kwenye karatasi ulikuwa maili 63 kwa saa, kama kilomita 101. Injini iliumudu bila jasho. Matairi yalikuwa yaleyale ya mtindo wa zamani, yenye meno makubwa ya kukamata udongo, mabaya kwenye lami iliyolowa. Dereva akikanyaga breki kwa hofu barabarani palipo na maji, breki zile zenye nguvu zilifunga magurudumu, matairi yakateleza, sehemu ya nyuma ikataka kuwa ya mbele, na lori lililobeba askari nyuma likapinduka. Yalitokea hayo tena na tena, kiasi kwamba mwaka 1999 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliandika ripoti ikionyesha kwamba aina hii ilihusika na sehemu kubwa ya vifo vya magari ya jeshi kuliko idadi yake ilivyostahili. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa breki zisizofunga magurudumu na matairi ya radial, na kabla dawa haijafika jeshi likatoa amri: mwendo usizidi maili 40 kwa saa, kama kilomita 64. Lori lililotengenezwa kwa kilomita 101 likashushwa chini ya mwendo wa M35 iliyotangulia kwa miaka thelathini. Ukizima lori kwenye kilomita 101 unazima nishati inayokaribia mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 64, na hesabu hiyo ilikuwa inajulikana siku michoro ilipoidhinishwa.

Watetezi wa M939 walikuwa na jibu, nalo halikuwa la kipuuzi. Walisema tatizo ni madereva: vijana wa miaka kumi na tisa waliofunzwa kwa wiki chache, wakiendesha kasi isiyolingana na hali ya barabara. Ripoti za ajali ziliwaunga mkono, kwa maana katika nyingi kosa la dereva liliandikwa. Lakini lori la jeshi hujengwa kwa ajili ya kijana huyohuyo. Hakuna jeshi lenye madereva wazee wa kutosha, na hakuna mbunifu wa lori la jeshi asiyejua nani atakaa kwenye usukani. Kikomo kinachotegemea busara ya dereva aliyechoka, usiku, kwenye mvua, kimeandikiwa dereva asiyekuwepo. M35 ilimjua vizuri zaidi. Haikumwomba awe na busara kwenye kilomita 100, kwa sababu haikuweza kumfikisha huko.

Kuna funzo hapa kwa mabishano yetu wenyewe kuhusu magavana. Kenya ilipopitisha kanuni za mwaka 2003 zilizokuja kuitwa sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, na kuanza kuzisimamia Februari 2004, matatu na magari ya mizigo yalitakiwa kufungwa vifaa vya kuzuia mwendo kwenye kilomita 80 kwa saa. Ubishi uliofuata ulifanana sana na ule wa CCKW: kwamba injini inaweza zaidi, kwamba gari linapoteza nguvu ya kupita lingine, na mafundi wakawa wanajua namna ya kukizima kifaa na kukirudisha kabla ya ukaguzi. Tofauti ni kwamba gavana ya pampu ililinda injini, wakati kifaa cha matatu kinalinda abiria, breki na tairi. Aliyesema injini yake inaweza 120 alikuwa anasema kweli kuhusu kiungo ambacho hakuna aliyekuwa amekiulizia.

Mwaka 1998 jeshi la Marekani lilikuwa limekwisha kupokea maelfu ya malori ya kizazi kingine, FMTV, yaliyokuja kuchukua nafasi ya M35. Yalikuwa na injini ya Caterpillar yenye turbo, gia boksi ya otomatiki, matairi ya radial, na mfumo wa kubadili upepo wa matairi dereva akiwa amekaa kwenye kiti chake. Yalibuniwa yafike kilomita 94 kwa saa. Mwaka huo ikagundulika kwamba katika mwendo mkubwa propela shafti zilikuwa zinatetemeka hadi kuvunjika, na hadi marekebisho yalipokamilika yakaamriwa yasizidi maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48. Injini hazikuwa na tatizo lolote.